Picha isiyo na sura, bei ya mabilioni: Jinsi kazi za Rothko zinavyothaminiwa mnadani

Jioni ya Mei 15, 2007, katika ukumbi wa kampuni ya mnada ya Sotheby's jijini New York, nyundo ya dalali iligonga meza bei ilipofika Dola 65 milioni. Kilichouzwa ni kitambaa cha turubai chenye urefu wa mita mbili hivi na upana wa karibu mita moja unusu. Hakina sura ya mtu, mnyama wala mti. Kina mabaka ya manjano, nyeupe na zambarau hafifu yaliyopangwa moja chini ya jingine juu ya rangi ya waridi, basi.

Mchoraji wake, Mark Rothko, alikuwa amefariki miaka 37 kabla ya siku hiyo. Aliyeiuza, tajiri David Rockefeller ambaye aliwahi kuwa mwenyekiti wa benki ya Chase Manhattan, aliinunua mwaka wa 1960 kwa chini ya Dola 10,000 na kuitundika ofisini mwake.

Ada ya kampuni ya mnada ilipoongezwa, mnunuzi alilipa Dola 72.84 milioni, ambazo ni karibu Sh5 bilioni kwa thamani ya shilingi ya Kenya wakati huo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya sanaa ya Marekani iliyochorwa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, msemo huo una walakini. Picha ya Rothko haijiuzi. Nyuma ya kila bei inayotangazwa mna kazi ya miezi mingi ya wathamini, wanasheria, wataalamu wa rangi na wahifadhi wa nyaraka. Na pale kazi hiyo ilipofanywa kwa hila, watoto mayatima nusura wapoteze urithi wao.

Rothko alizaliwa mwaka wa 1903 katika mji wa Dvinsk, uliokuwa chini ya milki ya Urusi na ambao leo unaitwa Daugavpils, nchini Latvia. Familia yake ya Kiyahudi ilihamia Portland, katika jimbo la Oregon, akiwa bado mtoto. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Yale lakini akaondoka bila shahada, na kwa miaka mingi alijikimu kwa kuwafundisha watoto uchoraji huko Brooklyn.

Pamoja na wenzake kama Jackson Pollock na Willem de Kooning, alikuwa miongoni mwa kizazi kilichoifanya New York kuwa kitovu cha sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoiga umbo la kitu chochote kinachoonekana.

Swali la kwanza ambalo mthamini huuliza anapoletewa picha ya Rothko si kama inapendeza. Huuliza ilichorwa mwaka gani.

Sababu ni kwamba Rothko hakuwa mchoraji wa aina moja maishani mwake. Katika miaka ya 1930 alichora watu waliosimama kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Katika miaka ya 1940 alichora viumbe vya ajabu vilivyotokana na visasili vya kale. Ni mwishoni mwa muongo huo, kati ya 1949 na 1950, ndipo alipoufikia mtindo uliompa jina: mistatili miwili au mitatu ya rangi, yenye kingo zisizokatika wazi, inayoelea juu ya rangi nyingine. Picha ya kituo cha treni huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya picha ya mistatili, ijapokuwa mkono ulioichora ni ule ule. Wanaonunua hutaka ile Rothko ambayo mgeni akiingia sebuleni ataitambua kabla ya kuambiwa.

Rockefeller aliuza picha ya mwaka wa 1950, yaani ya mwanzo kabisa wa kipindi hicho. Hilo pekee liliongeza mamilioni.

Swali la pili ni la rangi, na hapa soko halina aibu. Nyekundu, manjano na rangi ya machungwa hupendwa kuliko kahawia, kijivu na nyeusi. Mnamo Mei 8, 2012, picha ya mwaka wa 1961 iitwayo Orange, Red, Yellow iliuzwa na kampuni ya Christie's jijini New York kwa Dola 86.9 milioni, zaidi ya Sh7 bilioni za wakati huo, ilhali makisio yaliyochapishwa kabla ya mnada yalikuwa kati ya Dola 35 milioni na Dola 45 milioni. Jina la picha linajieleza.

Linganisha na kilichotokea miezi mitano baadaye. Mnamo Oktoba 2012, mtu mmoja aliingia katika makavazi ya Tate Modern mjini London na kuandika kwa wino pembeni mwa picha ya Rothko iitwayo Black on Maroon, nyeusi juu ya damu ya mzee. Kesi ilipofika mahakamani, thamani ya picha hiyo ilitajwa kuwa kati ya Pauni 5 milioni na Pauni 9 milioni. Ni picha kubwa, ya kipindi kile kile cha sifa, na historia yake inajulikana na kila mpenzi wa sanaa. Lakini ni ya giza.

Yapo mengi ya kusema kuhusu jambo hilo. Rothko mwenyewe alikerwa na watu walioziona picha zake kama mapambo ya kuchangamsha nyumba, na mwaka wa 1960 alijiondoa katika kandarasi ya kuchorea mkahawa wa kifahari wa Four Seasons, New York, akabaki na picha alizokuwa amekwisha kuzichora. Hiyo ya Tate ni mojawapo. Soko halikumsikiliza alipokuwa hai na halimsikilizi sasa.

Mkasa wa Tate unaonyesha pia uzito wa suala la tatu, nalo ni hali ya picha. Rothko alipaka rangi nyepesi kama maji, tabaka juu ya tabaka, na katika baadhi ya picha alichanganya rangi na mayai, gundi na utomvu wa miti. Hakupaka vanishi juu yake. Uso wa picha ukabaki mkavu na unaonyonya, kiasi kwamba alama ya kidole au tone la maji huingia ndani na kukaa. Kuusafisha wino wa mtu yule kuliwachukua wataalamu wa Tate takriban miezi 18, na picha ikarudishwa ukutani Mei 2014. Mhusika alifungwa miaka miwili.

Mwangaza nao ni adui. Picha ambazo Rothko alikichorea Chuo Kikuu cha Harvard zilitundikwa mwaka wa 1964 katika chumba chenye madirisha makubwa. Mojawapo ya rangi nyekundu aliyoitumia haikustahimili jua, na wekundu ukageuka kuwa samawati iliyopauka. Mwaka wa 1979 picha hizo zilikuwa zimekwisha kupelekwa ghalani. Kwa hiyo, mthamini wa leo hatosheki kutazama picha kwa macho. Huitazama chini ya taa za miale isiyoonekana, hukagua mgongo wa turubai na misumari iliyoishikilia kwenye fremu ya mbao, kisha huandika ripoti ambayo kila mnunuzi makini huisoma kabla ya kupanda dau.

Lakini picha inaweza kuwa ya mwaka unaofaa, yenye rangi za kuvutia na isiyo na doa, na bado isiwe na thamani hata ya turubai iliyochorewa. Hilo hutokea inapokosa nasaba.

Nasaba ya picha ni orodha ya watu waliowahi kuimiliki tangu ilipotoka mikononi mwa mchoraji hadi leo, pamoja na stakabadhi za kila mauzo na kila maonyesho. Kwa Rothko upo msaada mkubwa: mwaka wa 1998 mtaalamu David Anfam alichapisha kitabu kilichoorodhesha picha 836 alizochora kwenye turubai. Iliyo ndani ya kitabu hicho huanza safari yake mnadani ikiwa na cheti cha kuzaliwa. Isiyokuwamo inapaswa kujieleza.

Mwaka wa 2004, Domenico De Sole, mfanyabiashara maarufu katika sekta ya mavazi ya kifahari, na mkewe walinunua picha waliyoambiwa ni ya Rothko kutoka jumba la uuzaji wa sanaa la Knoedler, New York, kwa Dola 8.3 milioni. Knoedler ilikuwa imefanya biashara tangu 1846. Nani angeitilia shaka? Nasaba ya picha hiyo ilikuwa hadithi ya mkusanyaji wa siri ambaye jina lake halingeweza kutajwa, na haikuwamo katika kitabu cha Anfam. Jumba hilo lenyewe lilikuwa limeipata kwa Dola 950,000 tu.

Pengo hilo baina ya bei ya kununua na ya kuuza lingetosha kumshtua mtu. Mfanyabiashara anayemiliki Rothko halisi haiachilii kwa chini ya thumuni ya thamani yake.

Knoedler ilifungwa ghafla mwaka wa 2011. Mwaka wa 2013, Glafira Rosales, mwanamke aliyekuwa akileta picha hizo, alikiri mashtaka mahakamani. Picha zaidi ya 60 zilizouzwa kupitia majumba mawili ya New York kwa zaidi ya Dola 80 milioni, zikidaiwa kuwa za Rothko, Pollock na wengineo, zilikuwa ghushi zilizochorwa na mhamiaji kutoka China nyumbani kwake mtaani Queens. Kwenye mojawapo, jina la Pollock lilikosewa tahajia. Kesi ya De Sole ilisikizwa mapema mwaka wa 2016 na ikamalizwa kwa maafikiano kabla ya baraza la mahakama kutoa uamuzi. Wakati huo De Sole alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Sotheby's yenyewe.

Picha yake ilikuwa imewapendeza wengi kwa miaka. Ilipothibitishwa kuwa ghushi hakuna hata tone moja la rangi lililobadilika, ila thamani yake ilitoweka.

Picha ikishapita mitihani hiyo, ndipo makisio huandikwa. Mthamini hutafuta picha za Rothko zilizowahi kuuzwa mnadani, za miaka inayokaribiana, ukubwa unaolingana na rangi zinazofanana, kisha hupanda au kushuka kutoka hapo. Mauzo ya faraghani huwa hayatangazwi, na kwa sababu hiyo bei za mnadani hubeba uzito kuliko unavyostahili. Hutolewa tarakimu mbili, ya chini na ya juu. Tarakimu ya chini huwekwa kwa werevu, maana mnunuzi akiona bei imeanza chini hujiona ana nafasi, na wanunuzi wawili wanaojiona wana nafasi ndio wanaotengeneza rekodi.

Chini ya makisio hayo hujificha bei ya siri baina ya muuzaji na kampuni. Dau lisipoifikia, picha haiuzwi. Kwa desturi bei hiyo haizidi makisio ya chini. Masharti ya mnada humruhusu dalali kutaja madau kwa niaba ya muuzaji hadi bei inapoikaribia, jambo ambalo wageni wengi ukumbini hawalijui. Hudhani kwamba kila tarakimu inayotajwa ina mtu nyuma yake. Picha ikikosa mnunuzi, habari huenea upesi, na mwenyewe hulazimika kuificha kwa miaka kadhaa kabla ya kuthubutu kuirudisha.

Ili kuwaondolea wauzaji hofu hiyo, kampuni hutoa dhamana: humwahidi muuzaji kiasi fulani cha fedha hata kama hakuna atakayejitokeza. Siku hizi mara nyingi mzigo huo hutwikwa mtu wa tatu, ambaye huweka dau lake mapema bila ruhusa ya kuliondoa. Asipozidiwa, picha ni yake. Akizidiwa, hulipwa ujira kwa kuthubutu. Katika hali hiyo mnada wa picha ghali huwa umekwisha kuamuliwa nusu kabla milango haijafunguliwa, na msomaji wa magazeti anayedhani bei ilizuka papo hapo ukumbini ameona nusu ya mchezo.

Kisha kuna ada ya mnunuzi, inayowachanganya wengi wanapolinganisha bei. Katika mauzo ya Rockefeller, Sotheby's ilitoza asilimia 20 ya Dola 500,000 za kwanza, ambayo ni Dola 100,000, na asilimia 12 ya kiasi kilichobaki cha Dola 64.5 milioni, ambayo ni Dola 7.74 milioni. Ukijumlisha na Dola 65 milioni za nyundo unapata Dola 72.84 milioni zilizotangazwa. Makisio ya awali, kwa upande mwingine, hayahesabu ada hiyo. Anayelinganisha bei iliyotangazwa na makisio bila kuiondoa ada huona ushindi mkubwa kuliko uliokuwapo.

Hayo yote hufanyika pale wathamini wanapokuwa waaminifu. Kesi iliyofuata kifo cha Rothko ilionyesha yanayoweza kutokea wasipokuwa.

Rothko alijiua katika karakana yake jijini New York Februari 25, 1970. Mkewe, Mell, alifariki Agosti mwaka huo huo. Waliacha watoto wawili: Kate, aliyekuwa na umri wa miaka 19 baba yake alipofariki, na Christopher wa miaka sita. Mali kubwa iliyobaki ilikuwa picha 798.

Wosia uliwapa watu watatu usimamizi wa mirathi, wote marafiki wa marehemu: mhasibu Bernard Reis, mchoraji Theodoros Stamos na profesa wa anthropolojia Morton Levine. Kabla ya miezi mitatu kutimia tangu mazishi, watatu hao walitia saini mikataba na kampuni ya Marlborough. Waliiuzia picha 100 kwa Dola 1.8 milioni, yaani wastani wa Dola 18,000 kila moja. Dola 200,000 zingelipwa papo hapo na zilizosalia kwa awamu katika muda wa miaka 12, bila riba hata senti. Picha nyinginezo takriban 700 zilikabidhiwa kampuni hiyo hiyo iziuze kwa niaba ya mirathi na kujikatia hadi asilimia 50.

Reis, msimamizi wa mirathi, alikuwa pia mkurugenzi, katibu na mweka hazina wa Marlborough. Stamos naye alikuwa mchoraji aliyetamani kampuni hiyo imuuzie kazi zake. Fisi alikuwa amekabidhiwa bucha.

Kate aliwashtaki mwaka wa 1971. Kesi iliendelea kwa miaka, na sehemu kubwa ya ubishi wake ilihusu swali hili hili la makala haya: picha ya Rothko ni ya bei gani, na bei ya siku gani? Washtakiwa walijitetea kwamba soko la msanii aliyefariki halitabiriki na kwamba kuuza picha nyingi kwa pamoja hushusha bei. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wathamini waaminifu nao hupunguza thamani ya rundo kubwa la picha za msanii mmoja. Lakini punguzo la haki ni jambo moja, na kuuza kwa bei ya kutupa kwa kampuni inayomlipa msimamizi ni jambo jingine.

Desemba 1975, Jaji Millard Midonick wa mahakama ya mirathi ya New York aliwaondoa wasimamizi hao, akaifuta mikataba na kuamuru mirathi ilipwe fidia iliyozidi Dola 9 milioni. Picha ambazo hazikuwa zimeuzwa zilirudishwa. Marlborough na mmiliki wake, Frank Lloyd, walitozwa faini ya zaidi ya Dola 3 milioni kwa kuendelea kuuza picha huku amri ya mahakama ikiwazuia.

Mwaka wa 1977 mahakama ya juu ya rufaa ya jimbo hilo iliunga mkono uamuzi huo, na hapo ikaweka kanuni inayorejelewa na wanasheria hadi leo. Iwapo msimamizi ameuza mali kwa bei duni kwa uzembe tu, fidia huweza kuhesabiwa kwa thamani ya siku ya mauzo. Akiuza kwa kujinufaisha, hulipa thamani ambayo mali hiyo imefikia wakati wa hukumu. Kwa picha ambazo bei yake ilikuwa ikipanda kila mwaka, tofauti kati ya siku hizo mbili ilikuwa utajiri mzima.

Nusu ya mirathi iliwaendea watoto. Nusu nyingine iliuendea wakfu wenye jina la mchoraji, ambao katika miaka ya 1980 uliyagawia makavazi hazina yake, fungu kubwa likichukuliwa na National Gallery of Art jijini Washington. Picha zikishaingia katika makavazi ya namna hiyo huwa nadra kurudi sokoni. Kati ya zile 836 za kitabu cha Anfam, zinazoweza kununuliwa hupungua kila zawadi inapotolewa, na zilizosalia mikononi mwa watu binafsi hujitokeza kwa sababu tatu ambazo madalali huzitaja kwa mzaha usiochekesha: mauti, madeni na talaka.

Rothko ya mwaka wa 1951 iitwayo No. 7, iliyouzwa na Sotheby's kwa Dola 82.5 milioni Novemba 2021, ilitoka kwa Harry na Linda Macklowe, matajiri wa New York waliokuwa wakitalikiana. Hakuna kati yao aliyekuwa ameichoka. Kila upande ulileta wathamini wake mahakamani, tarakimu zao zikatofautiana mno kuhusu kazi walizozikusanya kwa miongo mingi, na mwaka wa 2018 jaji akaamuru mkusanyiko huo upigwe mnada.